Moyo si ng'onda
Mwanangu, umeuliza kama moyo wa kufundishia madaktari waweza kukaushwa kwa chumvi kama ng'onda wetu hapa Malindi. La. Chumvi hufyonza maji, nyama ikasinyaa na vali, yaani vilango vya damu ndani ya moyo, zikajikunja. Mwanafunzi ataona nini? Fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhia maiti, ya asilimia 10 hushikanisha protini pale pale zilipo, umbo likabaki. Lakini huwasha macho na ni sumu, madirisha yawe wazi. Moyo huo ulikuwa wa mtu, wastahili njia bora: ile ya mtaalamu wa anatomia Gunther von Hagens, Heidelberg, Ujerumani, 1977. Maji hutolewa kwa asetoni baridi, kimiminika cha kuyeyushia, kisha silikoni, aina ya plastiki laini, huingizwa kwa ombwe, yaani kwa kunyonya hewa yote. Waushika mkononi mkavu, hauna harufu, na nyuzi za vali waziona moja moja.