Nakesha kazini, mke wangu anaitwa mgumba

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, mlinzi wa ghala huku Kurasini, Dar es Salaam. Huu mwaka wa pili tumeoana na mke wangu hajashika mimba. Amekwenda hospitali mara mbili peke yake, wakamwambia hana tatizo, lakini mama yangu anamwita mgumba. Mimi naingia zamu saa kumi na mbili jioni, natoka alfajiri, nalala masaa manne tu, kisha naendesha bodaboda. Siku za mapumziko nalala usiku kama watu wote. Rafiki mmoja anasema kukesha kunaua mbegu za kiume. Mwingine anataka nichome sindano za homoni ya kiume. Nimsikilize nani?*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mama yako, maana hapo ndipo paliponiuma. Mkeo kapimwa mara mbili, wewe hata mara moja. Kwenye ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu yake tatizo lipo kwa mume, peke yake au pamoja na la mke. Kaa na mama, umwambie kwa heshima: "Mama, mimi sijapimwa." Neno mgumba lisitajwe tena nyumbani kwako, na wa kulikomesha ni wewe, si mkeo.

Sasa usingizi. Rafiki yako wa kwanza hajakudanganya, ila kakutisha kupita kiasi. Walinzi wangapi wana watoto! Homoni ya kiume, testosteroni, hupanda mwanaume akiwa amelala. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walichapisha matokeo ya vijana 10 wenye afya waliolazwa masaa matano tu kila usiku kwa wiki moja. Homoni hiyo ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja, mwanangu, na wewe huu mwaka wa ngapi? Denmark nako walipima vijana 953, wakakuta wale wenye usingizi mbovu zaidi mbegu zao zilikuwa haba kuliko za wenzao. Hilo halithibitishi kwamba usingizi ndio uliozipunguza, lakini mimi nisingelipuuza.

Saa yetu sisi Waswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na mwili nao una saa ya namna hiyo. Iko ndani ya ubongo, na hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Wewe unatoka langoni jua likikupiga usoni, ubongo unaambiwa kumekucha, halafu unakwenda kuulazimisha ulale. Siku ya mapumziko unaugeuza tena. Haujui ufuate lipi.

Marehemu mume wangu alifanya zamu za usiku kwa miaka mingi. Nilitundika kaniki mbili dirishani, moja juu ya nyingine, mpaka ukinyoosha mkono huoni vidole. Kutwanga nikahamishia kwa jirani. Fanya hivyo hivyo. Rudi nyumbani umevaa kofia yenye kivuli, chai na kahawa ziishie saa saba usiku, na uingie kitandani kabla hujashika simu. Lala saa mbili asubuhi, uamke saa tisa alasiri. Najua bodaboda ndiyo inayolipa kodi, basi punguza siku, usiiache yote. Tena kuendesha abiria ukiwa na usingizi kutakuua kabla hujamwona huyo mtoto. Siku ya mapumziko usilale mapema mno: chelewa mpaka usiku wa manane, uamke jua limeshapanda.

Na nikuulize kama mzazi: mnakutana saa ngapi? Wewe unaondoka yeye anarudi. Mimba hutungwa katika siku chache tu za mwezi, na zikiangukia zamu zako zinapita hivi hivi. Kutaneni kila baada ya siku mbili tatu, hata kama ni alasiri.

Sindano usiziguse. Homoni ikiingizwa mwilini kwa sindano, ubongo huona imetosha na kuacha kuziamrisha korodani zifanye kazi. Mbegu zinaweza kupungua hadi sifuri, na mwanaume akajiona ana nguvu kumbe hana kitu.

Kapime wiki hii. Kaa siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa kabla ya kutoa shahawa. Majibu yakiwa chini ya mbegu milioni 16 kwa mililita, usikate tamaa, kipimo hurudiwa. Mwombe daktari akuangalie kama una mishipa iliyovimba kwenye korodani, na kama unakoroma sana, mwambie. Mbegu huchukua siku kama 74 kutengenezwa, kisha huhitaji muda wa kukomaa, kwa hiyo usingizi unaoanza leo utauona kwenye kipimo cha baada ya miezi mitatu.

Siku ya kuchukua majibu nendeni wote wawili. Yeye mara zote mbili alikwenda peke yake.