Kabla hujaishika pini ya kuriseti

Juzi Nyegezi, hapa Mwanza, nilimkuta mdogo wetu mmoja, hata mwezi hajamaliza kazini, amepiga magoti nyuma ya kabati la TV, pini mkononi, anapapasa tundu la riseti, lile la kufuta mipangilio yote, kwenye nodi kuu, kifaa cha waifai kinachoongoza vingine vyote nyumbani. Nikamuuliza ameona nini. "Kaka, simu ya mama inaandika DNS." Na vifaa vingine? Hakuwa amevigusa. Nikamnyang'anya ile pini kabla hata sijamwamkia mwenye nyumba, mtu mzima wa kupewa shikamoo. Mama yule nimeshamwomba radhi. Ninyi wadogo zangu nina maneno nanyi, maana kwa mwaka huu huyu ni wa tatu.

1. Mteja akisema "neti inakata", bado hajakuambia kitu. Kukata kuna namna tatu. Alama ya waifai ikipotea kabisa, shughulika na umbali, kuta na umeme. Alama ikiwa imejaa lakini hakuna kinachofunguka, shughulika na njia ya kutoka nje. Meseji zikiwa zinaingia huku kivinjari kinaandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, hapo ndipo majina ya tovuti hayatafsiriwi kuwa namba, na kutafsiri huko ndiyo kazi ya DNS. Piga ping tatu (ping ni kubisha hodi uone kama unajibiwa) kwa mpangilio huu: nodi kuu, halafu 8.8.8.8 ya Google, halafu jina la tovuti yoyote. Ya pili ikijibu na ya tatu ikagoma, sasa una ruhusa ya kutamka neno DNS. Malizia na nslookup, amri ya kuulizia jina, ukiielekeza 1.1.1.1, seva nyingine ya DNS iliyo nje, ikijibu vizuri, mgonjwa ni seva ambayo kifaa kimepewa na rauta.

Ni dakika moja hiyo. Bado nawaona mnaanza na pini.

2. Angalia nani aliyetoa anwani. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu kosa langu lilimwangukia mtu asiyehusika.

Nyumba ilikuwa Isamilo, ghorofa moja, nodi tatu. Modemu ya faiba iko kwenye briji, yaani inapitisha tu, nodi kuu ndiyo inapiga PPPoE, yaani inajitambulisha kwa mtoa huduma kwa jina na nywila. Mama mwenye nyumba alikuwa akilalamika karibu wiki mbili: simu leo inakubali, kesho inaandika DNS, laptopu ya binti yake inagoma jikoni, akienda sebuleni inakubali, kesho yake kinyume chake. Mara ya kwanza nikabadilisha DNS kwenye nodi kuu nikaweka 8.8.8.8, nodi ikajizima na kuwaka, kila kitu kikakaa sawa jioni ile, nikaondoka najiona fundi. Mara ya pili nikahamisha nodi ya jikoni. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, natoka kazi nyingine Igoma, nimechoka, na mama ananiangalia. Nikachukua pini.

Sekunde kumi. Taa zikazima, zikarudi, programu ikaanza kuniuliza maswali kama mgeni. Aina ya intaneti? PPPoE. Jina la mtumiaji? Nywila? Sikuwa nazo. Sikuzipiga picha, aliyefunga mwanzo si mimi, na karatasi ya mkataba haikuonekana kwenye droo yoyote. Nikapiga simu kwa waliomletea faiba, nikajibiwa kwamba taarifa hizo anapewa mwenye akaunti, ofisini, Jumatatu.

Hapo ndipo binti akashuka ngazi akauliza kwa upole kama itakuwa imerudi Jumatatu asubuhi. Alikuwa na usaili wa ufadhili wa masomo kwa video, saa mbili kamili. Malalamiko yote ya wiki mbili yalikuwa kwa ajili ya saa ile moja, na mimi sikuwa nimeuliza hata mara moja neti wanaihitaji kwa kazi gani.

Usaili aliufanyia uani, chini ya mwembe, kwa bando la simu. Ulikatika mara mbili. Nafasi hakuipata. Hakuna aliyeniambia ni kwa sababu ya mtandao, na siwezi kuapa kwamba ndiyo au hapana. Nilifika Jumatatu mchana. Yule mama akanionyesha kiti, akasema, "Karibu chai, baba." Hakupandisha sauti. Ningefokewa ningepumua.

Mama akarudi na karatasi yake kutoka ofisini, nikaingiza nywila, neti ikarudi. Baada ya nusu saa laptopu ya binti ikaandika DNS tena. Ndipo nikafungua ipconfig /all, amri inayoonyesha anwani za laptopu na aliyezitoa, kitu nilichopaswa kufanya siku ya kwanza kabla sijavua hata begi. Mstari wa DHCP Server, yaani mgawaji wa anwani, ulisomeka 192.168.1.1. Meshi ile, yaani nodi zile tatu, ilikuwa inagawa anwani zinazoanza na 192.168.68. Sasa 192.168.1.1 anatoka wapi? Nikafuata kebo moja baada ya nyingine mpaka nyuma ya TV ya sebuleni: rauta ya zamani, ya mtandao waliokuwa nao mwanzo. Mdogo wake binti alihitaji matundu mawili, moja la TV na moja la kompyuta ya michezo, akaichomeka kwa tundu la LAN aitumie kama swichi. Wazo zuri kabisa, ila DHCP yake ilikuwa bado inafanya kazi.

Kifaa kikiingia kwenye mtandao kinapaza sauti: nani anipe anwani? Wakijibu wawili, kwa kawaida kinamchukua aliyewahi. Nodi kuu ikiwahi, mambo safi. Rauta ya zamani ikiwahi, inakipa kifaa anwani yake yenyewe kama lango la kutokea na kama seva ya DNS, wakati yenyewe haina njia ya kwenda popote. Waifai imejaa, intaneti hakuna. Kumbe jikoni na sebuleni havikuhusika. Ilikuwa mbio za nani anawahi kujibu. Na ile 8.8.8.8 yangu ilionekana kutibu kwa sababu nodi ilipojizima na kuwaka, vifaa viliomba upya na safari ile vikabahatika.

Nikazima DHCP ya rauta ile, nikaibadilisha anwani isigongane na mtu, nikairudisha kazini kama swichi. Dakika mbili.

Kwa hiyo ipconfig /all kwanza, na kwenye simu bonyeza jina la waifai usome lango. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue hakuna aliyejibu kabisa. Na nywila ya PPPoE iwe mkononi mwako, imeandikwa na imehakikiwa, kabla hujagusa nodi kuu. Nukta zile nyeusi zinazoficha nywila kwenye skrini ukizipiga picha hazikusaidii.

3. Mji huu ni wa mawe. Watu wamejenga juu ya majabali, katikati ya majabali, na wengine jabali lenyewe ndiyo ukuta wa stoo. Vile vipimo vya kwenye boksi, kwamba nodi mbili zinatosha nyumba ya ukubwa fulani, vimeandikwa kwa ajili ya kuta nyepesi. Waifai ya 5 GHz ikikutana na jiwe la Bugando inaishia hapo. Kosa mnalolirudia ni kuweka nodi chumbani kule ambako waifai haifiki, eti ndiko inakohitajika. Nodi nayo inahitaji kusikia! Iweke katikati ya njia, mahali ambapo simu yako bado inasoma kama -65 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Ikisoma -80 unasambaza ugonjwa. Kuna nyumba Capri Point nilihangaika na nodi ya juu siku nzima, asubuhi inakata, alasiri inatulia, mpaka nilipopanda ngazi nikakuta simtanki imesimama katikati ya nodi mbili. Maji yanameza mawimbi. Asubuhi tangi limejaa, alasiri familia imeshafua na kuoga, mawimbi yanapita juu ya maji. Tulivuta kebo ya Cat6 tukasahau habari hiyo.

Ukiweza kuvuta kebo, vuta. Ila ukiona mtandao mzima umeganda mara tu baada ya kuchomeka, umetengeneza mzunguko: swichi moja imeunganishwa mara mbili. Chomoa moja.

4. Umeme ukirudi, subirini. Nodi zinaamka kabla ya modemu, hazikuti njia, nyingine zinabaki zimeduwaa. Zima zote, washa modemu, ngoja taa ya PON, ile ya faiba, itulie, ndipo nodi kuu, ndipo wadogo zake. UPS ndogo, betri ya akiba, ya modemu na nodi kuu ni ununuzi bora kuliko nodi ya nne, na mwambieni mteja hivyo hata kama nodi ndiyo mnayouza.

Kuna jingine la umeme ambalo linawachanganya hata wenye uzoefu. Rauta nyingi hazina betri ya saa, zinaamka na tarehe ya zamani. Kama umewasha DNS iliyofichwa kwa TLS, yaani mazungumzo yenye siri, cheti cha seva kinakaguliwa kwa tarehe, tarehe ni ya uongo, cheti kinakataliwa. Saa nayo haiwezi kujirekebisha, kwa sababu seva ya saa imeandikwa kwa jina, na jina linahitaji DNS. Andika seva ya saa kwa namba.

Na radi. Radi za ziwa hili zinapiga usiku kweli kweli. Msivute kebo ya shaba juu kwa juu kutoka nyumba kubwa kwenda kwenye kibanda cha uani, pitisheni faiba. Nodi inayokataa kebo kwenye tundu moja tu baada ya mvua, tundu hilo limeungua, msipoteze muda na mipangilio.

5. Kwenye 2.4 GHz tumieni chaneli 1, 6 au 11, basi.

6. Nodi zikipotezana kama dakika moja kisha zikarudi zenyewe, tazama chaneli ya 5 GHz: kuanzia 52 hadi 144 ni za kupisha rada, na nodi ikidhani imesikia rada lazima ihame. Ipeleke 36 hadi 48.

7. Kifaa kimoja tu kikiandika DNS, mgonjwa ni kifaa. Simu ya yule mama wa Nyegezi, Android, kwenye DNS ya faragha ilikuwa imeandikwa jina la huduma ya kuzuia matangazo ambayo mjukuu wake aliiweka likizo iliyopita, tena kwa herufi moja iliyokosewa. Tukairudisha kwenye otomatiki, ikafunguka hapo hapo. Kijana wetu alikuwa anataka kuizima nyumba nzima yenye watu saba, mmoja wao akiwa kwenye kikao cha kazi chumbani, kwa ajili ya herufi moja.

Alinisaidia kubeba ngazi mpaka barabarani akiwa kimya. Ni kijana mzuri, ana mikono mepesi na anabana vichwa vya kebo vizuri kuliko mimi.

Jumamosi tunafunga nodi nne Kiseke. Tukutane stendi ya Buzuruga saa mbili kamili, laptopu zimejaa chaji. Pini zote nitabeba mimi.