Orodha ndefu kwenye simu ndogo: kwa wanaoanza kuandika programu

Wadogo zangu mnaojifunza kuandika programu za simu hapa Tanga, azimeni kwanza simu ya mteja. Mwenye duka la vipuri vya pikipiki Ngamiani ana simu ya RAM GB 2, imejaa picha za WhatsApp, na anataka orodha ya bidhaa elfu 3. Orodha inayoteleza vizuri kwenye simu yako kwake huganda.

Skrini ya fremu 60 kwa sekunde, yaani inayochorwa upya mara 60, inaipa kila fremu milisekunde 16 na ushei. Kazi ikizidi hapo, fremu inarukwa na mtu anaona orodha inakwamakwama. Kwa hiyo kusoma faili na kuuliza hifadhidata visifanyike kwenye uzi mkuu, ule unaochora skrini na kupokea mguso.

Mama lishe hanunui sahani elfu kwa wateja elfu. Anazo chache, anaosha, anapakulia mwingine. RecyclerView, zana ya Android ya kuonyesha orodha iliyokuja na Android 5.0 mwaka 2014, hufanya hivyo: mstari uliotoweka juu hurudi chini na bidhaa nyingine. Sasa, sahani isipooshwa! Umeweka alama nyekundu ya "imeisha" stoku ikiwa sifuri, lakini hukuandika pa kuiondoa stoku ikiwepo. Alama itaibuka kwenye bidhaa iliyojaa ghalani. Picha nazo: ya tairi inafika kutoka mtandaoni wakati mstari umeshakuwa wa breki, inabandikwa hapohapo. Futa ombi la zamani mstari unapotumika upya. Maktaba za picha za Glide na Coil hukufanyia hilo, na sioni kwa nini anayeanza ajiandikie ya kwake.

Kwa Flutter, zana nyingine ya kutengenezea programu za simu, tumia ListView.builder, inayojenga mistari inayohitajika kwenye skrini tu. Ila ukiitia ndani ya SingleChildScrollView (kisanduku kinachoteleza) na kuwasha shrinkWrap (orodha ichukue urefu wa vyote vilivyomo) ili makosa yanyamaze, umeilazimisha ijenge mistari yote elfu 3. Mtego huu unawanasa wengi, maana bidhaa zikiwa kumi za majaribio kila kitu kinaonekana sawa.

Mzigo mkubwa kuliko yote ni picha. Faili la MB 3 linadanganya: picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa, kila pikseli inachukua baiti 4, jumla MB 48. Kumi za hivyo, na programu inafungwa na mfumo. Kijipicha cha 200 kwa 200 ni KB 160 tu, yaani mara 300 pungufu. Punguza wakati wa kufungua picha, si baada ya kuifungua; bora zaidi seva itume ndogo.

Data leteni kwa kurasa, bidhaa 30 hivi kila mara.

Mkipima, jazeni bidhaa zote elfu 3 zenye picha, mburute orodha kwa kasi juu na chini. Na msipime kwa toleo la debagi, lile la kutafutia makosa: lina uzito wake, hasa kwa Flutter, mtahangaika kutibu ugonjwa ambao mteja hatauona.