Datsun 1200: tairi za mbele zinagusa bodi

Kaka, umesema umekata springi, ukafunga rimu za inchi 14 pana kuliko za awali, sasa tairi zinagusa bodi ukikata kona na usukani umekuwa mzito. Springi zilizokatwa zitoe kwanza, tafuta fupi zilizotengenezwa hivyo.

Kisha angalia ofseti, yaani umbali wa milimita kati ya katikati ya rimu na pale inapofungwa kwenye gari; ni namba iliyoandikwa ET nyuma ya rimu. Ukitoka ET 25 kwenda ET 0, tairi linatoka nje milimita 25. Hapo ndipo linapofuata ukingo wa bodi, na ndipo usukani unapoanza kukuvuta mkono kwenye kila shimo. Kukunja bodi kwa nyundo kabla ya kupima hili ni kuharibu gari bure.

Gari likishushwa sana, amu ya chini (mkono wa chuma unaoshikilia tairi kwa chini) inapanda kuelekea tairi badala ya kulala sawa, tairodi (fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda kugeuza tairi) nayo inainama. Ukipita tuta, tairi linajigeuza lenyewe. Dawa ni spesa (kipande cha chuma cha kuongeza nafasi) ngumu kati ya sehemu ya chini ya shokapu na mkono wa usukani, yaani chuma ambacho tairodi inafungwa, yenye boliti ndefu zenye nguvu ileile. Usichongewe ya mbao au bomba!

Kupima kama tairi bado linagusa: toa springi, funga tairi, pandisha kwa jeki mpaka mwisho, zungusha usukani pande zote. Pitisha kidole panapobana. Kagua pia bushi (raba) za rodi za mbele, zile fimbo zinazozuia amu ya chini isirudi nyuma. Zikiisha, ukifunga breki tairi linarudi nyuma na kugusa. Alaimenti, yaani kunyoosha tairi, iwe mwisho kabisa.