Bia nyeusi ya Kijerumani haionjwi kwa macho

Juzi dada mmoja anayeishi Minneapolis aliniandikia: "Kaka, nimenunua bia nyeusi za Kijerumani kutoka viwanda vidogo vya huku, aina tofauti tofauti, na zote naziona ladha moja. Hela yangu imekwenda bure?" Haijaenda bure, dada yangu. Umezitoa kwenye friji zikiwa barafu, ukazinywa moja baada ya nyingine. Kwa mtindo huo hakuna ulimi utakaozitofautisha.

Naishi Milwaukee, hapa Marekani, mji ambao umekuzwa na bia. Pabst, Schlitz na Miller zote zilianza hapa, mikononi mwa Wajerumani waliohamia karne ya 19, na mpaka leo watu hukutana jioni kuonja na kubishana. Nilipojiunga na kikundi kimoja, mzee mmoja alisema mbele ya meza nzima kwamba watu wa Afrika Mashariki tunajua bia ya njano ya chupa tu, bia nyingine tusijisumbue nazo. Watu wakacheka. Sikumjibu. Neno lile bado ninalo, na wala sioni haya kusema kwamba ndilo lililonisukuma.

Nikaanza kufuatilia. Kumbe huko Munich bia ya kahawia, dunkel, ndiyo iliyokuwa bia ya kila siku ya watu wa kawaida, hadi kiwanda cha Spaten kilipotoa helles yake ya njano mwaka 1894. Schwarzbier, ile nyeusi hasa, ina wenyewe huko Thuringia na Franconia, Ujerumani. Kiwanda cha Köstritz kinahesabu historia yake tangu 1543. Hizi zote ni lager, sawa na zile tulizokulia. Hamira yake huchachusha kwenye baridi, nyuzi 10 hivi, kisha bia hulazwa kwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri mpaka itulie. Ndiyo maana haina ile harufu ya matunda inayopatikana kwenye bia nyingi za kuchachushwa kwenye joto. Kilevi chake ni asilimia 5 hivi. Anayekuambia kwamba bia nyeusi lazima iwe nzito na kali anakudanganya, na mara nyingi ni kwa sababu naye alidanganywa.

Weusi wenyewe unatoka kwenye kimea. Dunkel hutegemea kimea cha Munich, shayiri iliyokaushwa kwa moto mkubwa zaidi mpaka ikapata rangi, na ndiko inakotoka ladha ya ukoko wa mkate. Schwarzbier huongezewa kiasi kidogo cha kimea kilichokaangwa kikawa cheusi. Watengenezaji wengi huchagua kile kilichoondolewa maganda, kwa kuwa ganda likiungua huleta uchungu unaokwaruza koo. Kwa hiyo bia inakuwa nyeusi lakini inateremka vizuri, na mwisho wake ni mkavu. Mwisho! Hapo ndipo penye kazi. Ukishameza, subiri. Dunkel inakuachia mkate na karanga. Schwarzbier inakuachia kahawa kidogo, halafu inaondoka zake.

Sasa mwezi uliopita kikundi chetu kilifanya onjo la upofu. Glasi zilizungushiwa karatasi ya foili hadi ukingoni, zikabandikwa namba tu. Glasi ya kwanza niliinusa mara mbili kabla ya kuionja. Mkate wa moto, utamu mdogo, uchungu ukijificha nyuma. Nikaandika Ayinger Altbairisch Dunkel, kutoka Bavaria. Ya pili ilikuwa nyembamba mdomoni na kavu, nikajua ni Köstritzer. Ya tatu ilijaa kinywa, kahawa na chokoleti na sukari iliyoungua, na kwangu mimi hiyo haifichiki popote: Black Bavarian, schwarzbier ya Sprecher, kiwanda kilichofunguliwa hapahapa Milwaukee mwaka 1985. Nilipatia zote. Mzee yule alikuwepo. Kwenye ile ya tatu aliandika stauti, bia nyeusi ya aina nyingine kabisa, ya jamii ya Guinness.

Sikumcheka. Lakini usiku ule nililala usingizi mzuri sana.

Mnaniuliza siri ni nini. Ya kwanza ni joto, na hili sisi tumelelewa nalo. Ukikaa baa Dar au Moshi, mhudumu anakuuliza, "Baridi au moto?" Mjomba wangu siku zote alisema moto, na vijana wakamwona mshamba. Alikuwa anasikia ladha ambayo wao barafu ilikuwa inawaficha. Kwa bia hizi sisemi uifikishe huko, lakini itoe kwenye friji, iache kama dakika 15, inywe ikiwa nyuzi 8 hadi 10. Usiinywe ikiwa barafu. Narudia: usiinywe ikiwa barafu.

Ya pili, linganisha mbili kwa wakati mmoja, dunkel moja na schwarzbier moja. Ukiweka tano mezani ulimi unachoka na unaanza kuandika uongo. Inue glasi dirishani ukitaka, uone wekundu kwenye ukingo wa ile nyeusi, lakini ukimaliza kuitazama iweke chini uinuse. Rangi haina ladha. Na usikubali mtu akuambie umeonja nini, hata kama sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote pale mezani, hata kama babu yake alizaliwa Bavaria. Ndugu zangu, tumeishi sana kwa kuambiwa tunachokijua na tusichokijua. Andika ulichosikia mwenyewe kabla jirani yako hajafungua mdomo, na ukisimamie.

Kwako, dada wa Minneapolis: anza na Capital Dark, dunkel ya Middleton, Wisconsin, majirani zenu, uiweke pembeni ya Köstritzer. Wiki inayofuata ibadilishe Köstritzer kwa Black Bavarian, uone jinsi Mmarekani anavyoijaza bia ambayo Mjerumani anapenda kuiacha nyembamba. Mimi siku za joto nachagua ya Mjerumani. Jioni za baridi ya huku, Black Bavarian haina mpinzani. Kabla hujalipa, geuza kopo au chupa utazame tarehe. Bia ikikaa sana dukani kimea chake huanza kunuka karatasi iliyolowa, na hiyo usihangaike kuionja, irudishe kwenye rafu.