Kujipikia Jambiani: maji, samaki na bamvu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaotaka kupanga nyumba nzima Jambiani, mashariki mwa Unguja, wajipikie wenyewe badala ya kulala hotelini.

Tuko sita, siku tano. Mwenye nyumba anasema kuna tangi la lita 1,000. Litatosha?

Siku mbili, tatu mkijibana. Mtu anayeoga mara mbili na kutumia choo cha kuvuta maji humaliza lita 60 hadi 80 kwa siku. Basi msiulize ukubwa wa tangi, ulizeni nani anawasha pampu na umeme ukikatika inakuwaje. Mita ikiwa ya kulipia kabla, chukueni namba yake siku ileile mnayofika, maana uniti zikiisha usiku, asubuhi bomba linatoa hewa tu.

Maji ya visima vya pwani hii mara nyingi yana chumvichumvi, na kuyachemsha hakuiondoi. Ya kunywa na kupikia nunueni ya dumu: lita nne kwa kichwa kwa siku, yaani lita 120 kwa safari yenu.

Samaki tununue hukohuko au tutoke nao mjini?

Hukohuko, vyombo vikirudi. Mjini nunueni mchele, vitunguu na viungo. Samaki mtazame macho: yawe yamejaa na maangavu. Funua mashavu uone wekundu, kisha bonyeza nyama. Shimo la kidole lisibaki.

Jodari na vibua wanataka uangalifu zaidi. Wakikaa kwenye joto saa chache bila barafu, nyama yao hujenga histamini, na hiyo haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Mlaji huiva uso, huwashwa mwili na kuumwa kichwa, mara nyingi kabla ya saa moja kupita, halafu lawama anapewa mpishi. Kama hamna kisanduku cha barafu, chukueni samaki aina ya changu.

Pweza hesabuni nusu: kilo mbili mbichi hubaki kama kilo moja akiiva. Mgandisheni usiku mmoja, au mpigeni vizuri, kisha mtieni sufuriani bila maji, moto mdogo, mfuniko juu. Atatoa maji yake mwenyewe. Dakika 45 hadi saa nzima, mpaka uma upenye sehemu nene ya mkia bila kusukumwa. Chumvi msitie kabla ya kuonja, ana ya kwake.

Mwaka jana tulifika tukakuta bahari imekimbia. Tuogelee saa ngapi?

Tazameni mwezi kabla ya kulipia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu: maji hukupwa kabisa kwenye saa nne au tano asubuhi, yakajaa saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu; hujaa asubuhi na hayaendi mbali.

Wakati wa kukupwa vaeni viatu vya mpira, kwa ajili ya vile vidude vya miiba mirefu myeusi, wala msikanyage kamba za mwani. Ni shamba la mtu. Maji yakigeuka, rudini. Hayaji kwa mbele tu, huanza kujaza mikondo iliyo nyuma yenu.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 utatufikisha?

Ukiwa umejaa, ndiyo. Jiko moja likiwaka kwa nguvu hula gramu 150 hadi 200 kwa saa, hivyo mna saa 30 au zaidi. Hewa ya chumvi hula vyuma haraka, kwa hiyo pakeni povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Na jiko la mkaa lisiwashwe chini ya makuti hata mvua ikinyesha.

Mwezi gani tuukwepe?

Aprili na Mei, masika. Juni hadi Septemba ni pakavu na hapana joto kali, ila kusi huvuma moja kwa moja upande huu, na vibanio vya nguo mtavihitaji.