Ugumu wa mshipa wa shingo kwenye ultrasaundi: kabla ya kutishika angalia presha iliyoandikwa kwenye ripoti

Mkuu uliyeuliza kuhusu mzee wako, nimeziona zile ripoti mbili ulizoweka, ya kwanza ugumu 4.9 ya pili 7.5, mashine ile ile, na unauliza kama mshipa umekakamaa ghafla hivyo au mashine mbovu. Mimi ultrasaundi ndo kazi yangu na kipimo hiki nakifanya, ngoja nijibu kwa kirefu kidogo mnivumilie.

Mshipa mkubwa wa shingo, ule unaousikia unadunda ukigusa pembeni ya koo, moyo ukisukuma damu unatanuka, moyo ukilegea unarudi. Kwa mtu mzima upana wake ni kama milimita 6 au 7 na huko kutanuka ni kadogo sana, nusu milimita hivi, umri ukienda kanazidi kupungua kwa sababu zile nyuzi za kuvutika ndani ya ukuta zinakatika-katika, zinabaki zile ngumu. Ukipima kwa mkono unasimamisha picha unaweka alama ukuta wa juu na ukuta wa chini, sasa niambie nusu milimita utaipataje hapo wakati alama yenyewe tu ni nene. Hizi programu za kujiendesha unaweka kisanduku juu ya mshipa, zinazifuata kuta zote mbili zenyewe, tena nyingine zinasoma mwangwi wa sauti kabla haujageuzwa kuwa picha, ndo maana zinakamata mwendo ambao jicho halioni. Zinachukua mapigo kadhaa zinatoa wastani. Hapo sina ugomvi nazo, zinafanya kazi nzuri kuliko mkono wangu.

Shida inaanzia kwenye presha. Mashine inajua upana, presha haijui, presha unaichapa wewe kutoka kwenye mkanda wa mkononi. Halafu hesabu inaenda hivi: unachukua presha ya juu gawa kwa ya chini, unatafuta logariti yake ya asili, jibu unaligawa kwa kiasi mshipa ulichotanuka ukilinganisha na upana wake wa mwanzo. Sasa tazama ripoti zako. Ya kwanza presha 120/80, mshipa milimita 6, umetanuka 0.5, inatoka 4.9. Ya pili mshipa ni ule ule 6, kutanuka kule kule 0.5, ila presha imeandikwa 150/80, inatoka 7.5. Yaani shingoni hakuna hata kimoja kilichobadilika! Kilichobadilika ni namba ya mkanda.

Na kuna kitu hapo kinanipa mashaka zaidi, presha ingekuwa imepanda kweli wakati picha inachukuliwa, kwa kawaida mshipa nao ungesukumwa zaidi, upana usingebaki vile vile mpaka nukta. Mi nahisi ile 150 ilipimwa mzee akiwa ndo kafika, anahema, kapanda ngazi labda, picha ikaja kuchukuliwa baadaye ametulia. Muulize atakumbuka. Presha inatakiwa ipimwe akiwa amelala pale pale kitandani, muda ule ule wa picha, baada ya kupumzika kama dakika 10, bila sigara wala kahawa masaa 3 nyuma, na asiongee. Kuongea watu wanakudharau sana aisee, mgonjwa anapiga stori huku mkanda unajaa upepo, halafu tunashangaa majibu.

Mkono wa mpimaji nao una lake. Ukikandamiza shingo unaubana mshipa, ukiukata mshazari kuta hazisomeki vizuri, ukipima pale unapovimba karibu na njiapanda, yaani pale mshipa unapogawanyika mara mbili, badala ya kushuka sentimita 1 hadi 2 chini, unapata sehemu yenye tabia tofauti kabisa. Kwenye mfano wa mzee, mashine ikipoteza 0.1 tu ya milimita, isome 0.4 badala ya 0.5, ile 4.9 inakuwa 6.1. Kwa hiyo kabla sijaamini namba naangalia kwanza lile wimbi la upana chini ya skrini, ule mchoro wa mshipa ukitanuka na kurudi, kama mapigo yanafanana nakubali, kama kila moja lina sura yake narudia, hata kama mashine imeshatoa jibu lenye desimali mbili linapendeza.

Mdau mwingine hapo juu kasema ikizidi 10 ni hatari. Hapana ndugu, hiyo 10 ni mita kwa sekunde, ni ya kasi ya wimbi la mapigo ya moyo likisafiri kati ya shingo na paja, kipimo kingine kabisa. Hii ya mzee haina hata kizio, usizichanganye. Na ugumu sio mafuta kuganda, bomba linaweza kuwa gumu na ndani safi, uchafu ndani ya mshipa unatafutwa kwa kuangalia ukuta wenyewe na kasi ya damu, kwenye ripoti zote mbili wameandika hakuna.

Vidonge vya kulainisha mishipa mlivyoshauriwa mimi nisingenunua. Vinavyoeleweka ni kushusha presha kama kweli ipo juu, kuacha sigara, na kutembea au kuogelea mara kwa mara. Hiyo 150 yenyewe msiipuuze lakini, pimeni nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja, mumpelekee daktari hizo namba. Kipimo kikirudiwa ombeni wawachapishie na lile wimbi pamoja na saa presha ilipochukuliwa, futa jina la mzee uweke hapa tuangalie.